Usaili wa ndege ya mizigo: rubani wa Caravan ajiandaeje?

SWALI

Washauri, shikamooni.

Nina miaka 29, naishi Area D hapa Dodoma, na ni rubani wa Cessna 208B Caravan kwenye kampuni ya ndege za kukodi. Nimeshafikisha saa 1,860 za kuruka, 1,310 kati ya hizo nikiwa kapteni. Saa za ndege yenye injini mbili ni 96 tu, na za usiku ni 41, maana viwanja vingi tunavyokwenda havina taa. Nina leseni ya urubani wa biashara, idhini ya kuruka kwa vyombo kwenye injini mbili bado iko hai, na mitihani ya nadharia ya ATPL (leseni ya juu kabisa ya urubani) nimeshafaulu.

Kampuni moja ya mizigo yenye Boeing 767 imeniita usaili wa urubani msaidizi. Zimebaki wiki tatu. Siku ya kwanza ni karatasi na mahojiano, ya pili ni simuleta, ule mtambo wa kuigiza kuruka. Jeti sijawahi kuigusa. Wataniuliza nini, na huko kwenye simuleta nijiandaeje? Wameniambia pia kuna bondi ya miaka mitatu, yaani nikiondoka kabla yake nadaiwa gharama za mafunzo.

La pili ni la nyumbani. Mke wangu ni muuguzi, ana zamu za usiku, na mtoto wetu ana miaka mitatu. Anauliza nani atabaki na mtoto siku ambazo sote tuko kazini usiku. Kaka yangu mkubwa naye anasema sikusomea urubani ili nikabebe maboksi gizani, bora nisubiri ndege za abiria. Naombeni ushauri.

Rubani, Area D

JIBU

Marahaba, mdogo wetu, na hongera kwa kuitwa. Wiki tatu zinatosha ukijua pa kuweka nguvu.

Kwenye ndege ya abiria kuna watu nyuma yako wanaosikia harufu ya moshi, wanaosikia mlio mgeni, wanaouliza. Nyuma ya rubani wa mizigo hakuna mtu, na paleti (jukwaa linalofungiwa mzigo) haipigi kelele kufuli lake linapoachia. Kwa hiyo maswali yote ya siku ya kwanza, hata yanayoonekana ya kawaida, yanatafuta jambo moja: saa tisa usiku, ukiwa umechoka, mzigo umeshapakiwa na simu ya ofisi inaita, utasema hapana karatasi isipokuwa sawa? Jiandae ukiwa na swali hilo kichwani.

Anza na logibuku, daftari lako la saa za kuruka, leo hii. Jumlisha kila safu kwa mkono: kapteni, mwanafunzi, usiku, vyombo, injini mbili, na kila aina ya ndege peke yake. Kisha linganisha na rekodi za kampuni yako. Kosa linalowaumbua wengi ni kuchanganya muda ambao ndege ilikuwa angani na muda tangu ilipoanza kusogea hadi ilipoegeshwa. Ukitumia hesabu moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, jumla haitakubaliana na chochote. Pita pia kwenye tarakimu zilizokatwakatwa; kosa hupigwa mstari mmoja, likaandikwa upya na kutiwa saini.

Hizo saa 41 za usiku usizinenepeshe hata kwa dakika. ATPL inataka saa 1,500 kwa jumla, na ndani yake 100 za usiku, kwa hiyo unadaiwa 59. Hilo halikuzuii kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwa leseni ya biashara, ila utaulizwa, na jibu ni kutaja namba na sababu yake kama ulivyotueleza sisi. Mizigo husafiri usiku. Deni hilo litalipika kazini.

Weka kwenye faili moja leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza, uthibitisho wa Kiingereza (ngazi ya 4 hupimwa upya kila miaka mitatu), pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Kama kampuni imesajiliwa nje ya Tanzania, wataiandikia TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) wathibitishiwe leseni yako. Uliza mapema utaratibu wake, usije ukangoja barua wakati wenzako wameshaanza mafunzo.

Sasa simuleta. Haipimi kama unaijua 767. Hilo watakufundisha wao. Inapima kama unafundishika, na kama macho yako yanasoma vyombo kwa mpangilio. Tarajia kupaa, kona kali, kuzunguka angani kusubiri, kushuka kwa ILS (mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege hadi njia ya kurukia) kwa mkono bila otopailoti, injini moja kufa, na kughairi kutua.

Mambo matatu yatakushangaza. Kwanza, kwenye Caravan ukirudisha nguvu, pangaboi linakushika kama breki. Jeti haina pangaboi, inateleza tu. Ukichelewa kupunguza mwendo utafika juu ya njia ya kurukia ukiwa juu na mbio. Pili, nguvu haiji papo hapo. Injini ya jeti ikiwa imeshushwa kabisa huchukua sekunde kadhaa, hata saba au nane, kufikia nguvu ya kukuinua, kwa hiyo usiache nguvu ishuke chini kabisa ukiwa karibu na ardhi. Tatu, injini za 767 zimening'inia chini ya mabawa: ukisukuma nguvu, pua inanyanyuka, ukivuta, inalala. Kila ukigusa nguvu, mkono mwingine uwe tayari kuizuia pua, kisha rekebisha trimu, kifaa kinachoishikilia pua ili mikono isichoke.

Kuhusu injini kufa baada ya V1, yaani mwendo ambao ukishaupita huwezi tena kughairi kupaa: mguu wako umezoea kukanyaga kulia kila unapopaa, kwa sababu ya pangaboi. Hapa mguu unafuata injini iliyo hai. Nyoosha ndege kwa mguu kwanza, si kwa kuinamisha bawa, inua pua taratibu kuliko kawaida, na usiguse swichi yoyote ya injini kabla ya futi 400. Wanaoanguka kwenye zoezi hili huangushwa na haraka. Kwa sekunde hizo za mwanzo ndege inahitaji kunyooshwa tu.

Jambo la nne ni kosa la marubani wa Caravan hasa, na ndilo kubwa: kimya. Umezoea kuruka peke yako, unafanya kila kitu kichwani. Kwenye 767 kiti cha pili kina mtu, na mtahini anataka kusikia unamtumia. Sema unachokiona, sema unachokusudia, mwombe asome orodha ya ukaguzi, na akikukosoa jibu kwa sauti kisha rekebisha. Kama mnashuka ndani ya mawingu na kufika futi 1,000 juu ya uwanja mwendo au mstari bado haujatulia, tamka kwamba unaghairi kutua, kisha ghairi. Ni heri kughairi vizuri kuliko kutua kwa kubahatisha, na watahini wanajua hivyo.

Waandikie wenyeji wako ukiuliza jedwali lao la mwinuko wa pua na nguvu za injini kwa kila hatua. Kampuni nyingi huwatumia waombaji. Likariri. Bandika picha ya vyombo ukutani, kaa mbele yake nusu saa kila jioni, ruka safari nzima kwa mdomo. Ukipata saa nne au tano za simuleta yoyote ya injini mbili kwenye chuo cha urubani, zitumie zote kwa ILS ya mkono. Sindano ya ILS ikihama, badilisha uelekeo kwa digrii mbili au tatu na usubiri. Anayeikimbiza sindano haipati.

Hesabu za kichwa huulizwa kwa mdomo, mara nyingine katikati ya simuleta. Ukiwa futi 35,000 ukienda Nairobi, ambako uwanja uko futi 5,330, una futi 30,000 hivi za kupoteza. Kila futi elfu moja ihesabie maili tatu: ni maili 90 za anga, ongeza kumi za kupunguza mwendo. Mwendo wa noti 140 (maili za anga kwa saa) juu ya ardhi ukizidishwa kwa tano ni futi 700 kwa dakika kwenye mstari wa ILS. Upepo unaokuja kwa pembe ya digrii 30 hukupa nusu yake ubavuni: pale Dodoma, njia ya 09 (inayoelekea digrii 90), upepo wa kutoka digrii 120 wenye noti 20, ubavuni ni noti 10. Kuzunguka kusubiri ni dakika moja kwa mguu wa kutokea hadi futi 14,000, na dakika moja na nusu juu yake.

Jitayarishe pia kueleza joto na mwinuko, na hapa una mfano wa nyumbani. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,673. Kwa kipimo cha kawaida, joto la mwinuko huo lingekuwa digrii 7.7. Mchana wa Oktoba ukiwa na digrii 30, umezidi kwa 22 na kidogo. Kila digrii huongeza futi 120 hivi, kwa hiyo ndege inahisi kama iko futi 6,300. Ukitua kwa noti 140 kwenye saa ya mwendo, mwendo wako halisi hewani ni karibu 154, na breki zinaulipia huo, si ule wa kwenye saa. Mtu anayeeleza hivyo bila karatasi ameshaonyesha kwamba anaelewa kwa nini mzigo hupunguzwa mchana na kuongezwa alfajiri.

Na vipimo: Caravan umezoea paundi, 767 huenda ukakuta kilo, na gari la mafuta linapima lita. Mafuta ya ndege yana uzito wa takriban kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo lita 10,000 ni tani nane. Mwaka 1983 Boeing 767 ya abiria nchini Kanada iliishiwa mafuta angani kwa sababu watu walichanganya paundi na kilo. Ilitua salama Gimli bila injini hata moja. Mtahini wa 767 anakijua kisa hicho.

Sasa tufike penye uzito wenyewe, yaani mzigo. Hapa ndipo tunakusihi utumie wiki yako ya kati yote, maana waombaji wengi hujiandaa kwa injini na hali ya hewa, wakiulizwa paleti wanababaika.

Karatasi ya mzigo inakupa uzito na mahali kitovu cha uzito kilipo. Kitovu kikiwa mbele mno, pua inagoma kunyanyuka. Kikiwa nyuma mno, pua inanyanyuka yenyewe kabla hujaivuta, na ndege inaweza kupoteza nguvu ya mabawa ikiwa chini. Trimu ya kupaa hupangwa kwa namba hiyo, kwa hiyo paleti mbili zikibadilishana nafasi, jumla ya uzito inabaki ileile na karatasi imeshakuwa ya uongo. Wakati wa kupakua nako kuna hatari: ukitoa ya mbele kwanza, ndege inaweza kukaa kitako pale kwenye maegesho.

Kila paleti ina wavu, na sakafu ina kufuli. Rubani hupita na tochi kuhakikisha kufuli zimesimama, nyavu zimekaza, hakuna kamba iliyokatika. Kufuli moja likiwa bovu, uzito unaoruhusiwa pale hupungua kwa mujibu wa kitabu cha ndege, wala haukadiriwi kwa macho. Tarehe 29 Aprili 2013, Boeing 747 ya mizigo ilianguka punde baada ya kupaa Bagram, Afghanistan, ikiwa na magari ya kijeshi. Watu saba walikufa. Uchunguzi ulikuta magari hayakufungwa inavyotakiwa. Moja lilirudi nyuma, likaharibu mifumo ya haidroliki na mtambo unaoongoza kiimarishi cha mkia. Hakuna ustadi wa mikono ungeiokoa ndege hiyo. Kazi ya kuiokoa ilikuwa pale chini, kwenye kamba.

Betri za lithiamu zitakuja, usiwe na shaka. Betri za ioni za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, ambazo namba yake ya bidhaa hatari ni UN3480, zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016, kwa hiyo zinakuja kwenu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30 na lebo ya ndege ya mizigo tu. Kapteni hupewa taarifa ya maandishi ya bidhaa hatari: ni nini, kiasi gani, kimekaa wapi. Isome ukijiuliza swali moja: moto ukitokea, naweza kuufikia? Kwenye sitaha kuu (sakafu kuu ya mzigo) ya jeti nyingi za mizigo hakuna gesi ya kuzima moto. Marubani huvaa barakoa za oksijeni, hukata hewa na kuondoa shinikizo ili moto ufifie, huku wakikimbilia uwanja wa karibu. Betri iliyoshika moto hujichochea yenyewe, kwa hiyo njia hiyo huinunulia ndege muda tu. Septemba 3, 2010, 747 ya mizigo ilianguka Dubai baada ya moto kuanza kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu; moshi ulijaa hadi marubani hawakuviona vyombo, na wote wawili walikufa. Ukiulizwa utafanya nini ukipata onyo la moto sitaha kuu, neno la kwanza ni barakoa. La pili ni uwanja wa karibu. Mengine yafuate.

Barafu kavu inayopooza minofu ya samaki hutoa hewa ya kaboni. Wanyama hai hutoa joto na unyevu. Maji ya samaki yakivuja hula chuma cha sakafu. Na mteja anaweza kutangaza uzito pungufu. Dalili yake ni ndege kuhitaji pua ya juu zaidi na nguvu zaidi kuliko jedwali linavyosema. Hapo una mtaji, kwa sababu rubani wa Caravan hupima mwenyewe, hupanga mwenyewe na humkatalia abiria mwenye gunia la ziada. Toa mfano huo ukiulizwa lini ulikataa jambo. Taja uzito, taja kikomo, eleza ulimwambiaje mteja na mwisho ukawaje. Usiishie kusema kwamba usalama kwako ni wa kwanza. Kila mwombaji husema hivyo.

Kaka yako mjibu kwa heshima, lakini mjibu. Caravan yako haizidi kilo 3,969 inapopaa. 767-300F inafika tani 186. Air Tanzania yenyewe ilipokea moja ya aina hiyo Juni 2023, inayobeba hadi tani 54. Na atakayepata idhini ya 767 hupata pamoja nayo ya 757, maana idhini ni moja. Wala si kazi ya kusubiria nyingine. Ikiwa kweli moyo wako uko kwa abiria, usaili utakufichua, na bondi ya miaka mitatu itakuwa mzigo kwako.

Bondi yenyewe isome kwa kalamu. Deni liwe linapungua kila mwezi: tuseme ni dola 30,000 kwa miezi 36, ukiondoka mwezi wa 24 ubaki unadaiwa 10,000, si zote. Iandikwe nini kitatokea kampuni ikikuachisha yenyewe, ukipoteza cheti cha afya, au ukishindwa mafunzo. Uliza mshahara wa chini usiotegemea saa, kwa kuwa shehena hujaa kuelekea Desemba na kupungua baada yake. Usiweke hati ya kiwanja cha wazazi kuwa dhamana. Na kampuni ikikudai pesa ili ikufanyie usaili tu, achana nayo.

Tumebakiza swali la mkeo, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwili huwa dhaifu kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na hapo ndipo utakuwa unatua. Agosti 14, 2013, ndege ya mizigo aina ya A300 iligonga ardhi kabla ya kufika njia ya kurukia huko Birmingham, Alabama, kabla ya mapambazuko. Marubani wote wawili walikufa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa na wachunguzi ni uchovu wa rubani msaidizi uliotokana na kutotumia vizuri muda wake wa mapumziko. Yaani usingizi wa nyumbani ni sehemu ya kazi, na yeyote anayeishi nawe anauathiri.

Kwa hiyo asubuhi ukirudi wewe si mlezi wa mtoto. Ukifika tu, lala kwa muda wa saa nne au tano, kisha ulale tena kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kuripoti. Chumba kiwe giza kabisa na kiwe na feni. Nyumba ya bati Dodoma mwezi wa Novemba hailaliki mchana. Kahawa ya mwisho iwe muda wa saa sita kabla ya kulala. Ratiba ya ndege huandikwa kwa saa za kimataifa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu: 2300 ya ratiba ni saa nane usiku ya hapa, na tarehe imeshabadilika. Mtaandikiana tarehe mbili tofauti msipokuwa waangalifu, mtoto akabaki bila mtu.

Kama kituo cha kazi ni Dar es Salaam, treni ya SGR inakuwezesha kuendelea kuishi Dodoma, ila nenda siku moja kabla na ulale huko. Usishuke kwenye behewa ukapanda ndege usiku uleule. Uliza kwenye usaili ratiba hutolewa siku ngapi kabla, na siku za mfululizo nje ni ngapi. Omba wakuonyeshe ratiba ya mwezi mmoja uliopita ya rubani msaidizi, hata jina likiwa limefutwa. Iweke mezani kando ya ratiba ya zamu za mkeo na zungushieni duara kila usiku ambao wote hampo. Usiku huo ukiwa mmoja au miwili, mtafuteni mama mdogo, bibi au dada wa kulala nyumbani, na mkeo aongee na msimamizi wake wa zamu kabla hujasaini. Ukiwa sita au saba, mkataba huo usisainiwe hadi mmoja wenu apate zamu nyingine.